Mti wa Darwin na Ngazi ya Mabeberu

Katika madarasa ya siasa hapa Kibaigwa wanafunzi hutuuliza: je, kada anaweza kukubali kwamba binadamu ametokana na viumbe waliomtangulia, na bado aende kanisani au msikitini? Anaweza. Chama hakina dini. Wenye dini ni wanachama. Swali zito zaidi ni nani aliitumia nadharia hiyo, na kwa faida ya nani.

Mwaka 1859 Darwin alieleza mti wenye matawi. Mabeberu wakaugeuza ngazi: Mzungu juu, Mwafrika chini. (Darwin naye hakuepuka dharau za tabaka lake.) Lakini mwaka 1871 aliandika kwamba yaelekea wahenga wa binadamu waliishi Afrika. Tarehe 17 Julai 1959, Mary Leakey aliona fuvu la Zinjanthropus huko Olduvai, lenye umri wa miaka milioni 1.75 hivi. Wengi walidhani ndiye babu yetu. Leo wataalamu wanamweka kwenye tawi la kando lililokauka. Ndivyo mti ulivyo.

Wapo wanamapinduzi walioishika ngazi hiyohiyo. Mwaka 1884 Engels, akimfuata Morgan, aliipanga familia kwa hatua, kutoka ushenzi hadi ustaarabu. Ukizikariri hatua hizo kama katekisimu, mahari ya ng'ombe ya Mgogo inakuwa masalia tu. Mwalimu Nyerere alikataa mwaka 1962: Ujamaa aliujenga juu ya jamaa yenyewe, bila kungoja vita vya matabaka. Hata hivyo, katika Operesheni Dodoma iliyoanza mwaka 1971, tembe ilihesabiwa kuwa dalili ya kubaki nyuma.

Nyuma ya nani? Tembe, kwa paa lake bapa la udongo, inaifaa nchi ya mvua chache na miti mifupi. Hapo Kongwa, kati ya 1947 na 1951, Waingereza walileta matrekta kulima karanga. Udongo uliokauka ukawa mgumu kama saruji, mradi ukafa. Kwa kipimo cha Darwin, kisichofaa mazingira kilikuwa kipi?

Riwaya zetu zililigundua hilo mapema. Katika Kichwamaji, ya mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi anamfikisha Kazimoto chuo kikuu, juu kabisa ya ngazi. Huko imani imemtoka, na hakuna jamaa inayomshika. Mtoto wake anazaliwa na kichwa kikubwa, bila uhai, na msomi huyo anajiua.