Dirty COW: mwanya uliodumu miaka tisa

Dirty COW, yaani 'ng'ombe mchafu', ni dosari iliyofichuliwa Oktoba 2016 katika kiini cha Linux, programu inayosimamia kumbukumbu na idhini za kompyuta. Wakati kiini kikitayarisha nakala ya faili, mtumiaji wa kawaida aliweza kuuwahi mwanya mfupi, akaandika juu ya faili halisi aliloruhusiwa kulisoma tu, na hatimaye akaitawala mashine nzima. Wadukuzi walikwisha kuutumia kabla haujazibwa.

Mwasisi wa Linux, Linus Torvalds, alijaribu kuuziba mwaka 2005. Kiraka kikaleta matatizo katika kompyuta kubwa za IBM, kikaondolewa. Hatari ilikuwa ya nadharia tu. Tangu toleo la 2.6.22 la mwaka 2007 haikuwa hivyo tena.

Seva zilitibiwa upesi. Simu za Android, zenye kiini hicho hicho, zilitegemea hisani ya watengenezaji. Zile walizokwisha kuzisahau hazikupata kiraka.