Tenisi kibandani Chiungutwa

Wiki hii naomba mnivumilie. Siasa nimeziweka kando, na bei ya korosho nayo nimeiacha ipumzike. Nataka tuzungumze tenisi. Najua wengi wenu mkisikia neno hilo mnafikiria kaptula nyeupe na uwanja wenye geti na mlinzi. Hata mimi, mpenzi wa mchezo huu kwa zaidi ya miaka ishirini, raketi nimeishika mara moja tu, na mpira ukaishia juu ya paa la jirani.

Jumamosi ya Julai 9, 2022 nilikuwa nyumbani Chiungutwa, Masasi, nikimsaidia mjomba wangu kupuliza salfa kwenye mikorosho. Siku hiyo Ons Jabeur wa Tunisia alikuwa anacheza fainali ya Wimbledon. Tangu mwaka 1968, wachezaji wa kulipwa waliporuhusiwa, hakuna mwanamke wa Afrika aliyewahi kufika fainali ya mmoja mmoja katika mashindano makubwa manne. Salfa ingesubiri.

Tukaenda kibanda umiza. Julai ni mwezi wa njaa kwa wenye vibanda, maana ligi za Ulaya zimefungwa na yetu imekwisha. Hata hivyo kijana mwenye kibanda alinitazama kama niliyeomba aonyeshe mazishi. "Shikamoo mzee. Tenisi? Atalipa nani?" Nikalipia viti kumi. Saa kumi alasiri tukakaa: mimi, mjomba, na watoto sita waliosikia kuna cha bure.

Taabu ilianza kwenye hesabu. Mjomba alikaa miaka mingi kwenye mizani ya korosho ya chama cha msingi, na jicho lake halidanganyiki. Kumi na tano, sawa. Thelathini, sawa. Kisha mwamuzi akatangaza arobaini.

"Mpwa wangu, hiyo mizani imechezewa. Hapo ni arobaini na tano."

Nikamwambia wapo wanaosema hesabu hiyo ilitoka kwenye uso wa saa, ingawa hakuna aliyethibitisha. Nikaongeza kwamba sifuri Waingereza huiita mapenzi. Akaniomba ninyamaze kidogo.

Jabeur, ambaye kwao humwita Waziri wa Furaha, akachukua seti ya kwanza 6-3. Watoto wakashangilia. Nami, kwa furaha, nikaanza kumsimulia mjomba habari za mwaka 1975.

Wimbledon ya mwaka huo ilikuwa katika wiki yake ya kwanza Msumbiji ilipopata uhuru, Juni 25. Hapo sikuwa na la kumfundisha mjomba. Wapiganaji wa Frelimo walikuwa na kambi yao Nachingwea, na Ruvuma si mbali na kwetu. Alikuwa kijana, na anakumbuka hata redio ilikuwa ya nani. Asichokijua ni kwamba siku kumi baadaye, Julai 5, Arthur Ashe, Mmarekani mweusi, aliingia uwanjani London kucheza na Jimmy Connors, bingwa mtetezi mwenye miaka 22. Ashe alikuwa anakaribia 32. Makaburu walikuwa wamemnyima viza mwaka 1969 na tena 1970. Walipomruhusu mwaka 1973 alifika fainali kwao, akafungwa na Connors huyohuyo.

Connors alikuwa akila mipira ya kasi. Ashe akamnyima. Alimpelekea mipira ya chini, ya polepole, isiyo na nguvu ya kurudisha. Ikawa 6-1, 6-1, 5-7, 6-4, naye akawa mwanamume mweusi wa kwanza kutwaa kombe lile. Miaka minne kabla yake, mwaka 1971, alikuwa amepita Cameroon na kumwona mtoto wa miaka 11 aitwaye Yannick Noah. Akamtafutia nafasi ya kwenda kujifunza Ufaransa. Mwaka 1983 Noah akawa bingwa wa Ufaransa.

"Kwa hiyo wiki moja Mreno, wiki ya pili huyo Connors," akasema mjomba. Nikamweleza kwamba Connors alikuwa mchezaji tu, hakuwa na koloni. Hakutaka kusikia.

Wakati tukibishana, Elena Rybakina wa Kazakhstan akachukua seti mbili zilizobaki, 6-2 na 6-2. Watoto walikwishaondoka. Mwenye kibanda akauliza kama awashe tamthilia.

Usiku nikasoma kwenye simu kwamba Angella Okutoyi, binti wa Nairobi aliyelelewa na bibi yake, alikuwa ametwaa taji la wasichana wawili wawili pale pale Wimbledon pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Wakenya hawakuwahi kupata taji katika mashindano hayo makubwa, ya wakubwa wala ya vijana. Nikamwamsha mjomba.

"Mbona hatukumwona?"

Nikamwambia chaneli yetu haikumwonyesha.

"Na viti kumi ulilipia," akasema, akajigeuza ukutani. Alfajiri tulikuwa na salfa.