Wekundu wa Kisutu: Rangi na Mapenzi katika Historia ya Pwani ya Waswahili

Matangazo ya biashara ya leo huuchukulia wekundu kuwa ni rangi ya mapenzi kwa watu wote. Historia ya mavazi ya pwani ya Afrika Mashariki yaonesha vingine. Kisutu, mojawapo ya mitindo ya kale ya kanga, vazi lililoenea tangu mwishoni mwa karne ya 19, huvaliwa na bibi harusi na huunganisha nyekundu, nyeusi na nyeupe. Rangi hizo tatu ndizo zenye mashina asilia ya vivumishi katika Kiswahili: -ekundu, -eusi na -eupe, nyingine, kama kijani na samawati, hutajwa kwa majina ya vitu. Kwa Wandembu wa Zambia, Victor Turner alieleza kuwa wekundu, unaohusishwa na damu, hubeba uzazi na hatari kwa pamoja. Katika kisutu vilevile wekundu hausimami peke yake, na muktadha wake ni ndoa, si mahaba matupu. Hivyo, kamusi na vitabu vya kiada vikiifasili nyekundu kuwa “rangi ya mapenzi” pasipo kutaja vazi, tukio na mahali, vitafuta kumbukumbu ambayo lugha yenyewe imeihifadhi.