Saa za Marubani wa Ufaransa

Silaha nyingi za vita huishia katika kutu au katika tanuri, bali saa ya askari hudumu. Ni ndogo, yaingia mfukoni, na wakati wa amani yafaa kama wakati wa vita. Kwa sababu hiyo wako watu katika nchi nyingi wakusanyao saa za kijeshi zenye mtambo wa kupimia muda, ziitwazo kronografu. Wengine hukusanya kwa fahari, wengine kwa faida. Aliye bora kati yao ni yule ambaye kwake saa ni hati, na yeye ni msomaji wake. Habari za saa za Ufaransa ziitwazo Type 20 zathibitisha neno hili.

Katika Vita Kuu ya Pili marubani wa Ujerumani walivaa kronografu za Hanhart na Tutima. Vita vilipokwisha, Jeshi la Anga la Ufaransa lilihitaji saa za namna hiyo. Miongoni mwa zilizotolewa kwa jeshi hilo zilikuwamo zenye jina la Vixa, na ndani yake mlikuwa na mtambo wa Hanhart. Hivyo rubani wa upande ulioshinda alipima safari yake kwa ustadi wa upande ulioshindwa. Jambo hili halikuandikwa usoni mwa saa. Hujulikana kifuniko kinapofunguliwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wizara ya ulinzi iliweka masharti. Uso wa saa uwe mweusi, na tarakimu zake zing'ae gizani. Kosa la mwendo lisizidi sekunde 8 kwa siku. Kamani ikijazwa, iendeshe mtambo kwa zaidi ya saa 35. Sharti kubwa lilikuwa kwamba akrabu ya kupimia muda irudi mwanzo na kuanza safari mpya kwa kubonyezwa mara moja tu. Kronografu ya kawaida yataka kubonyezwa mara tatu: kuisimamisha, kuirudisha, na kuianzisha tena. Rubani aliyeongozwa na dira na saa alianza hesabu upya kila alipogeuza njia, na ndege iendayo kilomita 900 kwa saa hupita meta 250 katika sekunde moja. Kuchelewa kwa kidole kulikuwa kupotea kwa ndege.

Mafundi waliotimiza masharti hayo ni wa nyumba kadhaa, kama Breguet, Dodane, Auricoste na Airain. Breguet ilianzishwa Paris mwaka 1775, na Louis Breguet, muundaji wa ndege, alikuwa wa uzao wa mwanzilishi wake, ingawa nyumba ya saa ilikuwa imeondoka mikononi mwa ukoo tangu mwaka 1870. Jeshi la Anga lilipokea kwake saa 2,000 kati ya mwaka 1955 na 1959. Kituo cha kujaribia ndege kilipata 80 tu. Kikosi cha ndege cha Jeshi la Majini kilipelekewa 500 mwaka 1960.

Uchache huo ndio uliozaa bei, na bei ikazaa hila. Saa za Jeshi la Anga hazikuandikwa jina la Breguet usoni. Jina lilichongwa kifunikoni nyuma, pamoja na nambari 5101/54, yaani mkataba wa mwaka 1954. Mtu akiongeza jina usoni ili kumpendeza mnunuzi, ameongeza uzuri na kuondoa ukweli. Kadhalika akisugua kifuniko hata king'ae, hufuta tarehe ambazo karakana za jeshi zilichonga kila saa ilipotengenezwa. Hapo maisha ya saa hupotea, na mng'aro peke yake hubaki.

Lakini uhalisi nao wataka akili. Fundi wa jeshi hakutumikia wakusanyaji, alitumikia marubani. Uso ulipochakaa aliweka mwingine, akrabu ilipovunjika alitia iliyokuwa karibu. Basi saa iliyochanganyika yaweza kuwa kweli tupu, na saa isiyo na kasoro yaweza kuwa ya kughushi. Hata rangi iliyotiwa radiamu katika saa za zamani yafundisha vivyo hivyo: huacha kung'aa baada ya miaka michache, lakini sumu yake hupungua nusu baada ya miaka 1,600 hivi. Kutong'aa kwake si dalili ya usalama, na asiye na ujuzi asiikwangue.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Saa ya rubani haikufanywa ili ipendwe, ilifanywa ili iaminiwe. Aipataye leo amerithi amana, na haki ya amana ni kurudishwa kama ilivyopokewa: mikwaruzo yake, viraka vyake, na tarehe zake, ili watakaokuja waisome nao.