Mwili umekonda, tumbo limebakia: ni mafuta, ngozi ao ugonjwa?

Mutu aliyekuwa na kilo 110 na leo ana kilo 80 amefanya kazi kubwa. Tansiyo imeshuka, magoti hayaumi tena kama zamani, kupanda mulima hakumukatishi pumzi. Lakini akivua shati anakuta tumbo linaning'inia kama mufuko uliotolewa vitu. Jirani naye hanyamazi: "Umekonda muzuri, lakini tumbo iko pale pale." Ndipo wamoja wanaanza kulala na njaa, wengine wanajifunga mukanda wa kukaza tumbo, wengine wanatafuta majani na vidonge sokoni.

Wengi wanapoteza feza na nguvu zao hapo, sababu wanapigana na kitu wasichokijua. Kile kinachobakia kwenye tumbo kisha kupunguza kilo nyingi hakiko kitu kimoja. Inaweza kuwa ngozi tupu, mafuta ya chini ya ngozi, mafuta ya ndani, ao misuli iliyoachana. Mara ingine si mafuta hata kidogo, ni maji ao uvimbe. Kukimbia kila asubuhi hakutakaza ngozi iliyovutika, na kupasuliwa hakutaondoa mafuta yanayozunguka utumbo.

Kwanza kuhakikisha kama si ugonjwa

Jambo la kujiuliza ni moja: kilo zilienda namna gani? Kama mutu aliacha sukari, akapunguza pombe, akatembea, na kilo zikashuka polepole kwa miezi, hakuna la kuogopa. Lakini kama kilo zinaanguka zenyewe, mikono na mashavu vinabakia mifupa, na tumbo kwa upande wake linapanda, huyo hapaswi kuanza mazoezi. Anapaswa kwenda kuonana na munganga.

Katika mikoa ya mashariki sababu za tumbo la namna hiyo zinajulikana. Kandokando ya ziwa Tanganyika, kwa upande wa Uvira na Kalemie, na kwa ziwa Albert kule Ituri, kuna bilharzia ya tumbo. Kidudu chake kinaingia kwa ngozi wakati mutu anaoga, anavua ao anafua ndani ya maji. Kikikaa miaka mingi bila dawa, kinaharibu ini, bandama linavimba, na maji yanajaa tumboni. Hepatiti B na pombe kali ya kila siku vinaweza kufikisha ini pale pale. Kifua kikuu nacho kinaweza kushika tumbo bila mutu kukohoa: homa ya mangaribi, jasho ya usiku, kilo zinapotea, tumbo linajaa. Kwa wamama kuna uvimbe wa kizazi na wa ovari, ambao unaweza kukua kwa muda murefu huku watu wakisema ni "mafuta ya uzazi".

Tumbo la maji linakuwa limekazana, linapanuka hata mbavuni wakati mutu analala chali, na kitovu mara nyingi kinatoka inje. Tumbo la mafuta ni laini, unaweza kulikamata kwa mukono. Lakini mukono si ekografi, na munganga ndiye wa kusema. Macho ya manjano, kutapika damu, choo cheusi kama lami, ao maumivu makali pamoja na homa, yote hayo ni mambo ya kwenda hospitali siku ile ile.

Kuna pia tumbo linaloletwa na dawa, na juu ya hili watu wanazungumuza kidogo sana. Vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa bila karatasi ya munganga, zaidi sana dexamethasone ambayo wengi wanaita "dexa", vinahamisha mafuta: uso unakuwa wa mviringo, mafuta yanajikusanya tumboni na nyuma ya shingo, mikono na miguu inakonda, ngozi inapasuka mistari ya rangi ya zambarau. Pomadi kali za kung'arisha ngozi zenye clobetasol zinaweza kufanya vile vile zikipakwa mwili muzima kwa muda murefu. Mutu wa namna hiyo anaweza kula kidogo na kutembea sana, tumbo likakataa kushuka. Lakini asiache dexa kwa siku moja. Mwili uliozoea dawa hiyo kwa wiki nyingi umesahau kutengeneza ya kwake, na kuikata kwa gafula kunaweza kumuangusha na hata kumuua. Munganga anaipunguza hatua kwa hatua.

Watu waliotumia dawa za zamani za ukimwi, kama vile stavudine, nao wanajua hali hii: mashavu na miguu vinakonda, tumbo linabakia. OMS ilishauri inchi ziache stavudine kuanzia mwaka 2009, na dawa za leo hazina shida hiyo kwa kiasi kile, hata kama zingine zinaweza kuongeza kilo. Hakuna sababu yoyote ya kuacha dawa za ukimwi juu ya tumbo.

Ni nini iko chini ya mukono?

Tuseme munganga ameangalia na hakuna ugonjwa. Sasa mutu asimame mbele ya kioo na akamate tumbo chini ya kitovu. Kama kinachokuja mukononi ni chembamba kama kitambaa kilichokunjwa, hiyo ni ngozi. Kama ni kinene na laini, ni mafuta ya chini ya ngozi. Kama hakuna kitu cha kukamata lakini tumbo limesimama mbele kama ngoma, mafuta yako ndani, yamezunguka ini na utumbo.

Yale ya ndani ndiyo mabaya kwa afya. Ndiyo yanayoenda pamoja na ugonjwa wa sukari, tansiyo na magonjwa ya moyo. Kwa bahati, ndiyo pia yanayotoka mapema mutu akipunguza chakula na kutembea. Yale ya chini ya ngozi, hasa chini ya kitovu, yana kichwa ngumu lakini hatari yake ni ndogo. Kwa hiyo mutu anaweza kuwa ameshinda vita kubwa na bado analia juu ya ndogo.

Kupima ni rahisi. Chukua metre ya fundi mushonaji, izungushe katikati ya mbavu ya chini na mufupa wa nyonga, toa pumzi, soma. OMS inaweka alama ya hatari kwenye sentimeta 94 kwa mwanaume na 80 kwa mwanamuke. Hatari kubwa ni zaidi ya 102 na 88. Asiye na metre achukue kamba yenye urefu wake toka kichwa hadi kisigino, aikunje mara mbili, na aizungushe kiunoni. Ikifika, ni vizuri. Isipofika, kazi iko bado.

Kwa wamama waliozaa mara nyingi, na kwa wanaume waliokuwa na kitambi kikubwa, kuna jambo la misuli. Mistari miwili ya misuli ya mbele inaachana katikati, na matumbo yanasukuma pale. Lala chali, kunja magoti, inua kichwa kidogo, weka vidole juu ya kitovu: kama zaidi ya vidole viwili vinaingia katikati, misuli imeachana. Hapo zile mazoezi za kuinuka na kulala zinazofanywa kwa haraka zinaweza kuongeza shida. Mazoezi ya kufaa ni ya taratibu: kutoa pumzi huku ukivuta kitovu ndani, kuinua kiuno ukiwa umelala, chini ya macho ya kinezi kama anapatikana. Na kama kitu kinatoka kwa kitovu kama yai na kurudi ndani ukilala, hiyo ni ngiri. Ikikataa kurudi, ikauma na mutu akatapika, ni ya kupasuliwa haraka.

Kwa nini kilo za mwisho zinakataa

Mafuta yanakaa ndani ya vijifuko vidogo. Mutu akikonda, vijifuko hivyo vinapunguka ukubwa lakini hesabu yake karibu haibadiliki. Vinangoja. Na mwili wenyewe unaamua utoe mafuta wapi kwanza. Kuinua tumbo mara 200 kwa siku kunakomaza misuli ya tumbo, hakuambii mafuta ya pale yaondoke.

Tena, mwili uliopoteza kilo nyingi unajifunza kubana matumizi. Katika mwaka 2016 watafiti wa Marekani walitangaza matokeo ya watu 14 waliokuwa wameshiriki mashindano ya televisheni ya The Biggest Loser, ambamo watu wanakondeshwa haraka sana. Miaka sita kisha mashindano, miili yao wakati wa kupumzika ilikuwa inaunguza karibu kalori 500 chini ya ile iliyotazamiwa kwa watu wa ukubwa wao, na wengi walikuwa wamerudisha kilo nyingi. Uchunguzi mwingine juu ya kikundi hicho hicho ulionyesha kwamba wale walioongeza kutembea na kazi za mwili ndio walirudisha kidogo. Ni mufano wa kukonda kwa nguvu kupita kiasi, si kila mutu atapata vile. Lakini unaeleza kwa nini kulala njaa juu ya njaa hakuondoi tumbo: mwili unakula misuli yake, unapunguza moto, na tumbo linabakia.

Kinachosaidia kinafanana na maisha ya hapa

Chakula cha kulinda misuli kiko sokoni: ndagala, sambaza, maharagwe, soya, mayai kwa anayeweza. Kiwepo kwenye kila chakula, si siku ya mungu pekee. Bugali hautoki mezani, hakuna anayeomba hivyo. Unapunguzwa tu, na lengalenga, sombe ao matembele vinachukua nafasi. Mahali watu wengi wanakosea ni mafuta ya kupikia. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta, yawe ya mawese ao ya chupa, kina karibu kalori 120. Sombe iliyopikwa ikaelea ndani ya mawese si tena majani.

Vinywaji navyo vina hesabu yake. Chupa moja kubwa ya bia, ile ya sentilita 72, ina karibu kalori 300, na ni mara chache inakunywewa moja. Sukari ya soda ndogo moja inapita gramu 25 ambazo OMS ingependa mutu muzima asizipite kwa siku. Kwa wengi, kuacha hivi viwili kunashusha tumbo kuliko chai yoyote ya "kuyeyusha mafuta". Chai hizo mara nyingi zina majani ya kuharisha: kilo inayopotea ni maji, inarudi kesho. Mukanda nao unasukuma nyama upande mwingine, na ukitolewa kila kitu kinarudi. Kumufunga mama kikwembe kisha kuzaa kunaweza kumupa egemeo la mugongo, lakini hakuyeyushi mafuta.

Kwa mazoezi, OMS inasema dakika 150 hadi 300 kwa wiki za kutembea kwa nguvu, na kazi ya misuli angalau siku mbili. Mama anayepanda Bukavu na bidoni ya litre 20 mugongoni hahitaji sali ya michezo. Anayehitaji ni yule anayekaa mezani kutwa nzima na kurudi nyumbani kwa moto. Kuinuka kwenye kiti mara 15 bila kushika, kusukuma ukuta, kupanda ngazi, vinatosha kuanza.

Ngozi inayoning'inia

Ngozi iliyovutika miaka kumi hairudi yote. Kwa kijana aliyekonda polepole inajikaza kiasi, na inachukua mwaka ao zaidi. Pomadi haziifupishi. Chini ya kunjo kunakuwa joto na jasho, na mara nyingi kuvu inaingia: ngozi inakuwa nyekundu ao nyeusi, inanuka, inawasha. Kuosha kila siku, kukausha vizuri, na kuweka kitambaa safi cha pamba katikati kunasaidia. Ikikataa, kituo cha afya kina dawa ya kuvu.

Operesheni ya kukata ngozi hiyo ipo. Inakaza pia misuli iliyoachana, lakini haiondoi mafuta ya ndani na haifanyi mutu akonde. Wapasuaji wanaomba kilo ziwe zimesimama angalau miezi sita, mutu asiwe anavuta sigara, sukari na tansiyo viwe vimetulia. Mama anayetaka kuzaa tena anashauriwa kungoja, sababu mimba itavuta tena kila kitu. Ni operesheni ndefu, yenye kovu toka nyonga moja hadi ingine, na hatari zake ni kidonda kuoza, maji kujikusanya chini ya ngozi, na damu kuganda miguuni na kupanda kwenye mapafu. Kabla ya kutoa feza, mutu aulize mpasuaji mambo matatu: amefanya ngapi za namna hiyo, nani atamulaza usingizi, na damu itatoka wapi kama ikihitajika usiku. Anayekasirikia maulizo hayo asipewe tumbo.