Dawa ya maji ya mtoto: soma namba ya chupa kabla ya kushika kijiko

Swali linalorudi mara nyingi kwenye kipindi ni hili: "Mtoto kaandikiwa kijiko kimoja cha dawa. Ni kijiko kipi?" Swali zuri, lakini kabla ya kijiko, shika chupa kwanza.

Kwenye chupa kuna vipimo viwili ambavyo watu huvichanganya. Miligramu (mg) ni uzito wa dawa yenyewe. Mililita (ml) ni wingi wa maji ya dawa anayokunywa mtoto. Parasetamoli nyingi za watoto zimeandikwa 120 mg/5 ml, maana yake kila mililita 5 zimebeba miligramu 120 za dawa. Zipo pia za 250 mg/5 ml. Ukimpa mililita 5 za hiyo kwa mazoea ya chupa ya kwanza, umempa zaidi ya mara mbili. Halafu kuna za matone, nyingine zina miligramu 100 ndani ya mililita 1 tu. Mililita 5 za hizo ni miligramu 500, kidonge kizima cha mtu mzima!

Hesabu yake si ngumu, hata kikokotoo cha simu kinatosha. Chukua miligramu anazotakiwa mtoto, gawanya kwa miligramu za kwenye chupa, kisha zidisha kwa mililita zilizoandikwa hapo hapo. Parasetamoli kwa mtoto haizidi miligramu 15 kwa kila kilo kwa mara moja. Mtoto wa kilo 10 basi ni miligramu 150. Kwa chupa ya 120 mg/5 ml: 150 ÷ 120 × 5 = mililita 6.25. Robo hiyo huwezi kuipima nyumbani, mpe 6. Kwa chupa ya 250 mg/5 ml: 150 ÷ 250 × 5 = mililita 3. Mtoto yule yule, dawa ile ile, kipimo nusu. Kilo zake utazikuta kwenye kadi ya kliniki; usikisie kwa umri.

Sasa kijiko. "Kijiko cha chai" cha dawa ni mililita 5, lakini vijiko vya jikoni havilingani. Tumia kijiko au kikombe kilichokuja na chupa, ukiweka kikombe mezani na kuinama mpaka macho yawe sawa na mstari. Bora zaidi omba duka la dawa bomba la sindano, bila sindano yake. Likiandikwa cc usishtuke, cc 1 ni mililita 1.

Dawa za unga kama amoksilini huchanganywa na maji yaliyochemshwa yakapoa, hadi kwenye mstari wa chupa. Ukipitisha mstari, hesabu yote imeharibika. Na tikisa kila mara, dawa hutuama chini.

Parasetamoli isizidi mara 4 kwa saa 24, na angalia dawa ya mafua, nyingi zina parasetamoli ndani. Mtoto wa chini ya miezi 2 mwenye homa apelekwe kituo cha afya, asipimiwe nyumbani. Ikitokea mtoto amezidishiwa, usisubiri aonekane mgonjwa: parasetamoli huumiza ini, na dalili zinaweza kuchelewa siku moja au mbili. Mpeleke mara moja, na chupa yenyewe mkononi.