Kutoka Nzeyimana Hadi Juma: Majina ya Wahusika na Mashaka ya Ngara

Muhula uliopita mwanafunzi wangu mmoja, mzaliwa wa Ngara, aliniletea hadithi fupi aliyoiandika kwa ajili ya somo la fasihi. Ilimhusu mkulima wa kahawa anayepoteza shamba lake katika ugomvi wa mipaka, na ilikuwa hadithi nzuri. Jambo moja lilinisumbua. Katika rasimu ya kwanza mkulima huyo aliitwa Nzeyimana. Katika rasimu ya pili aliitwa Juma. Nilipomuuliza sababu, alijibu kwa sauti ya chini: "Mwalimu, nikimwacha Nzeyimana, msomaji atadhani hadithi inatokea Burundi."

Nimelitafakari jibu hilo kwa miezi kadhaa. Kwa nje ni suala dogo la ufundi wa utunzi, lakini nadhani ndani yake imo historia nzima ya fasihi yetu, na pia historia ya mkoa wetu wa Kagera.

Riwaya ya Kiswahili ilikulia katika majina yanayosomeka kama kibao cha dukani. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1951, mshitakiwa ni Karama na mshitaki wake ni waziri aitwaye Majivuno. Wajumbe sita wanaosimuliwa katika utetezi wa Karama ni Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini: hoja, wema, kukubali, msaada, radhi na uaminifu. Msomaji anamfahamu mhusika kabla hajafungua kinywa. Baadaye tukampata Utubora, ambaye jina lake halihitaji kamusi. Wapo wanaoyacheka majina haya kuwa ya kitoto. Mimi siyacheki. Chini ya utawala wa Mwingereza, jina lisilo na kabila wala wilaya lilikuwa ngao. Mtu aliweza kuwasema watawala bila mtawala yeyote kupata pa kujishika. Lakini ngao hiyo ilikuwa na gharama yake. Majivuno hana kijiji, hana mjomba, hana kaburi la babu yake mahali popote.

Euphrase Kezilahabi aliupindua mtindo huo bila kuuacha. Rosa Mistika (1971) ni jina lililotoka katika litania ya Bikira Maria, na limewekwa juu ya msichana ambaye jamii haikumwachia usafi unaotajwa na jina hilo. Tumaini wa Dunia Uwanja wa Fujo ni tumaini linaloporomoka. Katika Gamba la Nyoka (1979), vijana wawili wanaorudi kijijini wakati wa ujamaa ni Mambosasa na Mamboleo, na kejeli yake inasikika mtu akiyatamka tu majina hayo kwa pamoja. Hata hivyo, ingawa mwandishi ni mtoto wa Ukerewe, majina anayoyachezea hapa ni ya Kiswahili au ya kanisani. Masikio ya taifa yalikuwa yamekwisha kuzoea hivyo.

Mkerewe mwingine, mzee kuliko yeye, alikuwa amekwenda njia tofauti. Aniceti Kitereza alimaliza kuandika riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Hakupata mchapishaji. Aliitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Kichwa cha kitabu ni orodha ya majina: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Ntulanalwo maana yake ni "naishi nacho", yaani kifo. Bulihwali ni swali: huzuni hii itakwisha lini? Hayo ndiyo majina ya watoto waliosubiriwa kwa miaka na wazazi waliochekwa kwa utasa, hata wakwe wakamchukua binti yao kutoka kwa mumewe. Tungetarajia waitwe Furaha na Baraka. Lakini mzazi wa nchi zile aliyekwisha kuonja msiba hakutangaza furaha yake kwa sauti, na Kitereza, aliyezeeka na mkewe bila mtoto, alilijua hilo kuliko wahakiki wake.

Nakiri kwamba nilipokisoma kitabu hicho kwa mara ya kwanza, nilimsikia bibi yangu. Mimi ni mzaliwa wa Biharamulo. Kizinza na Kikerewe ni lugha jirani sana, na jina Myombekere halikunipa shida: kwombeka ni kujenga, na umbo lile la jina linataja namna ya kujenga. Huyu ndiye mume ambaye nyumba yake inavunjwa na kujengwa upya mbele ya macho yetu. Mwandishi hakuandika maelezo hayo pembeni. Aliamini msomaji wake yupo.

Sasa tuvuke kwenda Ngara. Kihangaza na Kishubi vimo katika kundi moja na Kirundi, Kinyarwanda na Kiha. Majina yake hujengwa kama sentensi kamili. Nzeyimana ni "namtumaini Mungu", Habonimana ni "Mungu ndiye aonaye", Hakizimana ni "Mungu ndiye aponyaye". Mengine humtaja jirani mbaya, deni, kifo au ugomvi wa ukoo uliokuwapo siku mtoto alipozaliwa. Philippe Ntahombaye alikichapisha mwaka 1983 kitabu kizima kuhusu majina ya Burundi, na mwenyeji wa Ngara akikisoma atawakuta humo ndugu zake. Kwa desturi hiyo kila mtoto alipewa jina lake mwenyewe, si la baba. Kwa hiyo fomu ya serikali inayodai jina la ukoo ilimkuta mtu wa Ngara hana jibu ambalo karani angelitambua.

Je, ni majina ya kigeni? Bugufi, ambayo leo ni sehemu ya Ngara, ilikuwa ndani ya ufalme wa Burundi kabla ya wakoloni. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza na Wabelgiji waligawana iliyokuwa Afrika Mashariki ya Wajerumani. Gisaka ilirudishwa Rwanda. Bugufi ikabaki Tanganyika. Watu hawakuhama, mpaka ndio uliopita katikati ya jamaa zao. Majina yalikuwa hapo kabla ya Tanganyika kuwa na jina.

Kisha ukaja mwaka 1994. Mwishoni mwa Aprili watu wanaokadiriwa kuwa 250,000 walivuka daraja la Rusumo katika muda wa takriban siku moja. Kambi yao iliitwa Benaco, jina la kampuni ya Kitaliano ya ujenzi wa barabara, na hadi leo linatajwa bila mtu kuliuliza asili yake. Tangu hapo, jina lenye "-imana" likaanza kusikika kama jina la mkimbizi. Mwaka 2013, serikali ilipotoa amri ya kuwaondoa wahamiaji wasio na vibali na kufuatiwa na Operesheni Kimbunga, suala la nani ni mwenyeji liliingia hadi mezani pa chakula. Mimi mwenyewe, nikisafiri kwa basi kutoka Lusahunga kuelekea Ngara, nilimwona mzee mmoja akiteremshwa kwenye kizuizi. Kitambulisho chake kilikuwa halali. Alipotaja jina lake, aliulizwa mara mbili zaidi alizaliwa wapi. Mimi, mwenye jina la ubatizo na la Kizinza, sikuulizwa kitu.

Watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu wasidhani nawalaumu wao peke yao. Ofisa yule wa kizuizini alisoma shule zetu. Katika vitabu tulivyomfundisha alikutana na Karama, Rosa, Kazimoto na Tumaini. Sidhani kama aliwahi kukutana na Habonimana ambaye ni Mtanzania, analima kahawa, anagombana na shemeji yake, na hakuna anayemuuliza ametoka wapi. Jina hilo alilikuta mara ya kwanza kwenye taarifa ya habari za wakimbizi.

Wiki iliyopita nimepokea rasimu ya tatu. Mkulima ameitwa tena Nzeyimana. Lakini katika ukurasa wa kwanza imeongezwa aya inayoeleza kwamba babu yake alizikwa Bugufi kabla mpaka haujawekwa. Nimemwandikia mwanafunzi wangu pembeni, kwa kalamu nyekundu, kwamba aya hiyo aifute, kwa kuwa Juma wa rasimu ya pili hakudaiwa kaburi la babu yake. Bado hajanijibu.